Nailoni ya Kijani

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiroboto alimshika bibi yake mkono wakaenda nyuma ya nyumba kulisha samaki. Bibi ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa hatulii. Bibi alirusha chakula tangini, samaki wakigombania, akawakemea, "Taratibu, walafi nyie."

Nailoni angavu ya kufunika tangi ilipopasuka, Kiroboto alitandika nyingine, ya kijani. Alijiambia kuwa mwani unaoyapa maji rangi ni wa kijani, basi mwanga wa kijani utaustawisha.

Siku chache baadaye walikuta samaki wengi wameelea matumbo juu. Waliobaki walihema juu ya maji, midomo wazi.

"Mama, umewamwagia chakula mara mbili tena," mama yake Kiroboto alimwambia bibi. "Kimeoza, kimeharibu maji."

Bibi alitazama viganja vyake. "Huenda. Siku hizi nasahau."

"Basi pumzika. Tangi hili niachie mimi."

Wiki hiyohiyo, mwalimu wa sayansi aliweka dirishani chupa tatu za maji yenye mwani. Moja aliifunga nailoni nyekundu, nyingine ya buluu, ya tatu ya kijani. Katika mbili za kwanza mapovu yalipanda mfululizo. Katika ya kijani yalijivuta, moja moja.

"Mwani hutumia mwanga kujitengenezea chakula, na hapo hutoa oksijeni," mwalimu alisema. "Mwanga wa kijani huutumia kidogo, unaobaki huurudisha. Ndiyo maana tunauona wa kijani."

"Na kama majini mna samaki?" Kiroboto aliuliza.

"Watakosa hewa, hasa alfajiri, maana usiku mwani hautoi oksijeni."

"Kiroboto kaganda leo," jirani yake wa dawati alimtania. "Umemezwa na samaki?"

Kiroboto alirudi nyumbani, akaiondoa ile nailoni kimyakimya, akaificha. Nani angejua?

Jioni alimkuta bibi kitandani, ameelekea ukutani. Sahani tupu ilikuwa bado miguuni pake.

"Mjukuu wangu," bibi aliuliza kwa sauti ndogo, "hivi nimekula, au bado?"

Kiroboto alishindwa kuvumilia. Alikwenda jikoni. "Mama, si bibi aliyewaua samaki. Ni mimi." Akaeleza yote, machozi yakimtoka.

Mama aliweka mwiko chini, akaenda kupiga magoti kando ya kitanda. "Nisamehe, mama. Nilikulaumu kabla ya kuuliza. Hukukosea kitu."

Kisha akamgeukia binti yake. "Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kujua, ukanyamaza, mwingine akabeba mzigo wako. Samaki tutafuga wengine. Bibi yako akishaacha kujiamini, tutamrudishaje?"

Asubuhi, chini ya nailoni mpya, angavu, bibi alisimama na bakuli.

"Nimeshawapa?"

"Bado, bibi."

Alirusha chakula. "Taratibu, walafi nyie," alisema, ingawa samaki waliokuja juu walikuwa wachache mno kugombania.