Maji ya Mwisho wa Gati

Kulipokucha Damaris alinyanyua ndoo zake huku macho bado mazito. Tangu kimbunga kipite, umeme ulikuwa haujarudi kijijini kwao La Parguera, na pampu iliyovuta maji ya bahari hadi bandani kwa shangazi yake ilikuwa kimya. Basi maji yakawa ya kubebwa, asubuhi na jioni. Asikwambie mtu, ndoo ya maji ya chumvi ni nzito!

"Nibariki, shangazi," alisema mlangoni, kama watoto wa kwao wanavyowaaga wakubwa.

"Mungu akubariki, mwanangu. Uchote mwisho wa gati, kwenye kina."

Bandani mlikuwa na beseni kubwa la matumbawe laini, yale yanayoyumba majini kama vichaka vya zambarau. Kimbunga kiliyang'oa, shangazi Nereida akayaokota, akayatunza mpaka yapate nguvu ya kurudi mwambani. Yalikuwa na vinywa vidogo vidogo, kila kimoja na vimikono vinane vya kukamatia chakula. Damaris alipenda kuvitazama vikifunguka.

Lakini asubuhi ile mabega yalimuuma, na gati lilikuwa refu. Alipofika penye mikoko, karibu na barabara, akasimama. Maji ya pale yalikuwa ya kina kifupi na vuguvugu, tena ya rangi ya chai, maana mvua ilikuwa imeshusha tope la milimani. Akajiambia bahari ni ileile, akachota.

"Wee Damaris!" akacheka Wilfredo, mvuvi aliyekuwa akishona nyavu. "Leo gati limekuja kukupokea?"

"Niache bwana, nimechoka!"

Jioni akachota palepale. Kesho yake pia.

Matumbawe yakaanza kujifunga. Vimikono vikaingia ndani visitoke, ute ukayafunika, rangi ikapauka. Shangazi Nereida alichuchumaa kando ya beseni, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nimekosea wapi, jamani? Nimeyalisha vibaya?" Akajifuta uso. "Basi. Kesho nayarudisha baharini, yakafie kwao. Nimechoka mimi."

Damaris alirudi nyuma. Akachukua ndoo, akatoka kimyakimya.

"Damaris! Leo huombi baraka?"

Akasimama. Angeombaje baraka na uongo wake umejaa ndoo?

"Ni mimi, shangazi," akasema, machozi yakimtoka. "Nimekuwa nikichota kwenye mikoko. Sikufika mwisho wa gati."

Shangazi alikaa juu ya ndoo tupu.

"Nimekasirika, sikufichi," akasema. "Maji ya mvua yamepunguza chumvi. Tope limeziba vinywa. Na ndani ya matumbawe haya mna mimea midogo sana inayoyalisha na kuyapa rangi. Joto likizidi, mimea hiyo inatoka. Tumbawe likizidiwa halipigi kelele. Linajifunga, linaacha kula. Haya, nyanyuka."

Wakamwaga maji machafu kidogo kidogo, wakijaza mapya kutoka mwisho wa gati. Wilfredo aliwaona wakipita na kurudi wakihema, akaweka nyavu chini, akachukua ndoo bila kuulizwa. Jua lilipozama, wote watatu walikuwa hoi.

Tumbawe kubwa kuliko yote halikupona. Baada ya siku chache mengine yalifunguka taratibu, kimkono baada ya kimkono, na Damaris akalia tena, safari hii kwa furaha.

"Sikiliza," shangazi akamwambia. "Kuchoka si kosa. Kosa ni kulipua kazi halafu ukaniacha nijilaumu. Hata tumbawe, lisilo na sauti, lilituonyesha kwamba limezidiwa. Wewe una mdomo. Sema."

Asubuhi iliyofuata Damaris alisimama mlangoni na ndoo zake.

"Nibariki, shangazi." Akasita kidogo. "Leo mabega yananiuma kweli."

"Mungu akubariki," alisema shangazi Nereida, akinyoosha mkono. "Lete ndoo moja, twende wote."