Redio ya Kina Mama wa Mwani

Maji yalipojaa, kina mama wa Kibuyuni walikaa bandani wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba, wakingoja bahari ipwe warudi mashambani mwao. Sidi, msichana wa miaka kumi na miwili, akitoka shule huketi katikati yao, simu ya kikundi mapajani. Wengi wao hawakujua kusoma, basi yeye ndiye aliyewasomea habari za misiba, harusi na bei ya mwani.

"Haya, redio yetu, tufungulie!" alisema Bi Shutu. "Lakini leo usitie chumvi." Wakacheka.

Uchaguzi ulikuwa umekaribia. Ujumbe wa kwanza ulikuja na picha ya foleni ndefu ya watu. Sidi akakaza sauti kama mtangazaji: "Tahadhari! Watu wa bara wameletwa kwa siri wapige kura Kibuyuni. Wakishinda, bahari itauzwa na mwani wenu utang'olewa. Wafukuzeni kabla hawajawafukuza!"

Kicheko kilikatika. Macho yote yakamwendea Teresa, mama wa watu aliyetoka bara kufanya kazi hotelini Diani, na kazi ilipokwisha akaja kulima mwani. Binti yake, Viola, alikaa dawati moja na Sidi.

"Jamani, mimi nimeletwa na nani?" Teresa aliuliza.

Wenzake wakainamia kamba zao. Sidi naye, kwa utamu wa kusikilizwa, akausambaza ujumbe ule kwa kila aliyemjua.

Asubuhi maji yalipokupwa, kamba za Teresa zilikutwa zimekatwa kwa kisu, zote. Mwani wake ulitapakaa ufuoni ukianza kunuka. Teresa alisimama, maji magotini. Kisha akarudi nyumbani kufunga mizigo.

"Kura yao waipige wenyewe," alisema.

Sidi alikuwa amemfuata hadi mlangoni. Viola akamtazama. "Sauti aliyoisikia mama bandani ni yako," akasema, akaufunga mlango.

Sidi akakimbilia kwa Bi Fauzia, mwenyekiti wa kikundi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Mbona umesawajika hivyo?"

Sidi alieleza yote huku akilia. Bi Fauzia hakumbembeleza. "Nani kaandika maneno hayo?"

"Simjui. Nambari iliyoandikwa chini yake si ya Kenya."

"Na aliyeyaleta kwetu?"

"Kaka Rai."

Rai, kijana wa pale kijijini, aliitwa. Alichimba mchanga kwa kidole cha mguu, mwisho akakiri kwamba mpambe wa mgombea mmoja alimpa bando la intaneti asambaze jumbe. "Hata sikuusoma, Bi."

"Haya, Sidi, itazame tena picha yako."

Sidi akatazama. Watu wote walivaa sweta nzito na kofia za sufu. "Bi, hapa nani atavaa sweta?"

"Hapa hata kuku hutweta kwa joto," alijibu Bi Fauzia. Hakucheka. Akampigia afisa wa uchaguzi wa eneo lao, naye akasema hakuna mgeni yeyote aliyeandikishwa kwa siri. Akakata simu, akamgeukia Sidi. "Basi, sauti iliyoupeleka uongo ndiyo itakayouondoa."

Jioni Bi Fauzia alimwita Teresa bandani. Sidi akasimama mbele ya wote. "Niliwasomea uongo. Sikuuliza ulikotoka. Mama Viola, nisamehe."

Kisha Bi Shutu, bila kuinua uso, akachota mbegu kikapuni mwake, akazitia katika kikapu kitupu cha Teresa. Mwingine akafuata, na mwingine. Aliyeshika kisu hakujitaja.

Siku ya kura Teresa alipanga foleni kati ya Bi Fauzia na Bi Shutu, akapiga kura yake. Lakini shuleni Viola alikuwa amehamia dawati jingine.

"Atarudi, Bi?" Sidi aliuliza.

"Huenda. Mwani hukua haraka kuliko imani, mwanangu." Bi Fauzia alikaza fundo la kamba. "Wa mbali alitunga, wa karibu akalipwa, lakini kisu tulikishika sisi wenyewe. Neno likija, liulize kwanza: umetumwa na nani, na unataka nimchukie nani? Likikosa jibu, life mkononi mwako. Lisipite."

Bi Shutu akageuka. "Redio, leo kuna nini?"

"Ngojeni," Sidi alisema. "Kwanza nimjue aliyetuma."