Nyeupe Umeitoa Wapi, Mwalimu?

Picha ya mama yangu ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu, imewashiwa taa yake peke yake.

Niliichora mimi.

Lakini kikaratasi kilichobandikwa chini yake kilikuwa na jina la mtu mwingine. Na huyo mtu alikuwa amesimama pembeni, kipaza sauti mkononi, anapigiwa makofi.

Mwalimu wangu...

Nikaangalia ukuta mzima. Picha saba, zote zangu. Hata ile niliyoichora nikiwa na homa ilikuwepo, imepewa jina la kifahari.

Nikamgeukia mama, aliyekaa kiti cha jirani.

"Mama, unaona ninachokiona?"

Hakuniangalia. Alikuwa anakunja kitambaa chake cha mkononi, anakikunjua, anakikunja tena.

"Mama, picha zangu zimefikaje hapa?"

"Kaa chini kwanza, mwanangu."

"Zimefikaje?"

"Nilimpelekea mimi," akasema.

Jamani... kikulacho ki nguoni mwako, hilo nililisikia tangu utotoni. Sikujua tu kwamba siku likinipata nitakuwa nimevaa gauni alilonishonea mama mwenyewe.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana najua wapo walioshaanza kuandika huko chini kwamba niheshimu wakubwa.

Nilisoma kwa Mwalimu miaka minne. Ni bingwa wa rangi za mafuta, hilo simnyimi. Picha zake ziko kwenye ofisi za watu wazito, na akiingia darasani wanafunzi wanasimama. Mwaka wa nne kifua changu kikaanza kubana kila tukifungua chupa ya tapentaini, ile dawa kali ya kuyeyushia rangi. Daktari akaniambia nichague, mafuta au mapafu.

Nilipomweleza Mwalimu kwamba nahamia rangi za maji, alicheka mbele ya darasa zima.

"Hizo ni za chekechea," akasema. "Mchoraji wa kweli hakimbii harufu."

Nikakusanya brashi zangu, nikaondoka.

Miaka mitatu nilijifungia kwenye chumba cha uani nikijaribu kila kitu. Nilijaribu mkaa, nikapenga kamasi nyeusi wiki nzima. Nikajaribu chaki za rangi, wino, hata kahawa iliyolala. Siku moja nilinyunyiza chumvi kwenye rangi mbichi nione itafanya nini, mama akachungulia mlangoni akauliza kama siku hizi picha nazo zinaungwa.

Lakini kila mara nilikuwa narudi kwenye maji. Rangi ya mafuta unaweza kukosea asubuhi ukafunika jioni. Ya maji haikufichii kitu, ukikosea imekuanika. Nilikosea sana, na nilipenda hivyo hivyo.

Mama ni fundi cherehani. Kwake yeye kazi ni kitu chenye barua na muhuri. Kuniona mtu mzima wa miaka thelathini na mbili nashinda na vikopo vya maji kulimnyima usingizi. Kwa hiyo aliponiambia kwamba picha zangu saba amezipeleka kwa fundi wa fremu, nilimkumbatia kwa furaha. Nikajua hatimaye ameelewa. Aliponishonea gauni na kunialika kwenye maonyesho, hata sikuuliza ni ya nani.

Kumbe.

Turudi ukumbini.

"Alikwambia nini ukampa?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Alisema ataziwekea jina lake ili watu wazitazame. Lako nani analijua, mwanangu? Na barua yako ya kazi anayo mkobani. Msaidizi wa mwalimu, kazi ya kudumu. Leo leo anakutangaza."

"Kwa hiyo umenibadilisha na barua."

"Nimekutafutia maisha. Nyamaza dakika kumi tu."

Ndugu zangu, nilikaa. Msinisifu bure, nilikaa kabisa. Nilipiga hesabu ya haraka kichwani: nikinyamaza, nina kazi mpaka nizeeke, na picha saba zinakuwa za Mwalimu milele. Nikifungua mdomo, ninarudi chumba cha uani na maneno ya watu juu.

Mwalimu akaendelea kuongea kwa ile sauti yake ya kuvuta.

"Miaka thelathini nimekuwa mtu wa mafuta. Mwaka huu maji yameniita, nami nikaitika."

Makofi yakapigwa.

Hapo nikasimama.

"Mwalimu, nina swali."

Aliponiona, tabasamu likapungua kidogo, halafu akalirudisha.

"Huyu alikuwa mwanafunzi wangu," akawaambia watu. "Mafuta yalimshinda. Uliza, binti yangu."

"Hiyo picha ya katikati. Gauni jeupe lililoko mapajani kwa huyo mama. Nyeupe yake umeitoa wapi?"

Watu wachache wakacheka. Swali lilionekana la kitoto, na yeye akalijibu kama anavyomjibu mtoto.

"Nyeupe nimeipaka mwisho. Tabaka tatu, moja juu ya nyingine. Hiyo ndiyo siri ya mwanga."

Moyo wangu ukatulia. Nikajua nimempata.

Kwa ambao hamjawahi kushika brashi: kwenye mafuta, nyeupe hupakwa mwishoni, na ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kwenye maji, ninavyochora mimi, nyeupe haipakwi kabisa. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Unaizungushia rangi nyingine, unaiacha wazi, na ukiigusa bahati mbaya ndiyo basi tena. Gauni lile nililizunguka alasiri tisa bila kuligusa.

"Naomba mtu asogee atazame," nikasema. "Kwenye hilo gauni hakuna rangi hata tone. Kuna karatasi tupu, na karibu na pindo kuna mstari wa penseli niliosahau kuufuta."

Msimamizi wa ukumbi, mama mmoja wa miwani mikubwa asiye na mchezo, akaenda. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Mstari upo," akasema. "Rangi haipo."

Mwalimu akacheka kidogo.

"Nimechora picha nyingi mwaka huu, nimechanganya na nyingine. Na huyu binti mstari ameuona leo alipopita karibu, si zaidi ya hapo."

Mkiambiwa jina kubwa ni ngao, kubalini. Watu walianza kutikisa kichwa kumkubalia yeye, na mimi wakanitazama kwa jicho la huruma, lile linalomtazama mtu anayehitaji kupumzishwa.

Mwandishi mmoja wa gazeti akanyoosha mkono.

"Basi Mwalimu, tuambie huyu mwanamke kwenye picha ni nani."

Mwalimu akashusha pumzi. Hili aliliona jepesi.

"Ni mjane mmoja nilimwona barazani kwake. Masikini, macho yamechoka. Anahangaika kutia uzi kwenye sindano na hauingii. Ndiyo maana nimeiita Mjane Akitia Uzi."

Nikasikia kiti cha jirani kikikwaruza sakafu.

Mama alikuwa amesimama.

"Mjane?" akauliza. "Mume wangu yuko nyumbani anaangalia mpira."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akainua mkono kumtuliza.

"Mama, tafadhali, tuyazungumze baadaye..."

"Na kutia uzi kunanishinda mimi? Mimi? Nashona mwaka wa ishirini na nane huu. Natia uzi nikisinzia." Sasa alikuwa anaelekea mbele, mkoba kwapani. "Na hapo sikuwa natia uzi, nilikuwa nafumua. Mteja alinenepa, nikawa naachia pindo. Hicho nilichoshika si sindano, baba, ni wembe."

Msimamizi akainama tena kwenye kioo.

"Ni wembe," akasema.

"Huyo mwanamke ni mimi," mama akaendelea. "Nimekaa dirishani kwangu alasiri tisa mpaka kiuno kikakataa. Huyu bwana hajawahi kukanyaga kwangu. Aliyenichora ni mwanangu yule pale."

Kisha akageuka, akawatazama watu wote, na sauti ikashuka.

"Na aliyempa picha ni mimi. Hiyo aibu ni yangu, nitaibeba mwenyewe."

Hakuna aliyecheka hapo. Mimi machozi yalinitoka, sifichi, na hasira bado ilikuwepo. Vyote viwili vilikaa pamoja.

Mwalimu akaweka kipaza sauti mezani, akanisogelea, akaninong'oneza.

"Barua unaijua ilipo. Nikiichana, hakuna shule itakayokuchukua."

"Ichane, Mwalimu. Au nikusaidie?"

Nadhani katika maisha yake hakuna mwanafunzi aliyewahi kumjibu hivyo, na mimi mwenyewe sikujua kama ninao huo ulimi.

Msimamizi akateremsha picha zote saba na kuzitoa kwenye fremu. Alitaka kubandika jina langu pale pale na maonyesho yaendelee. Ndipo nilipoziona kwa karibu, na roho ikaniuma upya.

Mwalimu alikuwa amesaini kwa rangi ya mafuta. Juu ya karatasi yangu... Mtu yeyote wa maji anajua huwezi kufanya hivyo. Karatasi ilikuwa imeshaanza kunywa mafuta, na kila saini ilikuwa na duara la njano pembeni, kama karatasi iliyofungia chipsi. Mafuta hayo hayatoki. Yangeendelea kutambaa mwaka hadi mwaka.

"Tunaweza kuifunika kwa fremu," msimamizi akasema.

"Hapana. Naomba mkasi."

Fundi cherehani hatembei bila mkasi. Mama akafungua mkoba, akanipa wake ule mzuri, ambao hata mimi nilikatazwa kuugusa tangu nikiwa mdogo kwa sababu si wa kukatia karatasi.

Nikakata kona ya kwanza. Watu wakaguna. Nikakata ya pili. Nikaenda hivyo hivyo mpaka ya saba.

Nikamfuata Mwalimu mlangoni na vile vipande saba.

"Umesahau saini zako," nikamwambia.

Alivipokea. Sijui kwa nini, lakini alivipokea.

Picha zikarudishwa ukutani zikiwa na kona pungufu, na chini yake jina langu, ambalo hakuna aliyekuwa analijua. Zilikaa pale wiki tatu.

Tulipofika getini nyumbani, mama akasimama.

"Nisamehe, mwanangu. Niliogopa utazeekea chumba cha uani."

"Bado naweza kuzeekea humo, mama."

Akafikiri.

"Basi tubomoe ukuta mmoja tukuwekee dirisha la maana."

Tuliliweka. Na kweli, kama Mwalimu alivyoniahidi, hakuna shule iliyonichukua. Niliomba nne, zote zikanijibu kwa adabu. Nikaona isiwe tabu, nikafungua darasa langu humo humo uani, kila Jumamosi. Nina wanafunzi kumi na mmoja. Yuko muuguzi, yuko fundi bomba, yuko bibi wa miaka sabini anayechora paka tu.

Sasa sikilizeni hii...

Mwezi uliopita, Jumatano mchana, mtu alibisha hodi. Nikafungua nikiwa na brashi mdomoni.

Alikuwa Mwalimu.

Amekonda. Kwapani alikuwa na bunda la karatasi, akalifungua bila kukaribishwa. Picha za rangi za maji, kama arobaini hivi. Zote matope. Kila rangi imeburugwa juu ya nyingine mpaka hakuna inayopumua.

"Nilianza kabla hata sijaona zako," akasema. "Kwa siri. Nilishawacheka watu mbele ya madarasa, ningemuuliza nani? Mama yako aliponiletea zile saba nilikaa nazo usiku na mchana nikitafuta umefanyaje. Sikujua. Nikaona heri niseme ni zangu."

Nikatoa brashi mdomoni.

"Nifundishe," akasema.

Mama alikuwa dirishani na cherehani yake. Akasimamisha gurudumu ili asikie vizuri.

"Jumamosi saa nne," nikamwambia. "Utakaa nyuma, karibu na bibi wa paka. Na kabla hujashika brashi utasimama uwaambie wenzako ulichonifanyia. Kwa mdomo wako."

"Mbele ya watu?"

"Ulichukua mbele ya watu."

"Na nikikataa?"

"Mlango ni huo huo ulioingilia."

Aliondoka bila kuaga. Nikasema huyo harudi tena.

Jumamosi saa nne kamili alikuwa amekaa nyuma. Akasimama, akasema yote, hakuruka hata neno. Fundi bomba akasahau kufunga mdomo. Kisha nikampa karatasi na sahani ya maji, nikamwambia achore kikombe.

Mtaniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Kumfundisha ni kitu kimoja na kumsamehe ni kingine, na hilo la pili litakuja likitaka lenyewe.

Ninachowaambia ni hiki. Jina lako likiwa dogo, tembea nalo hivyo hivyo dogo. Usimwazime mwenye jina kubwa kazi yako ili akuonyeshe kwa watu, maana atakayeonekana ni yeye. Na anayekupenda akitaka kukuuzia hofu yake, mpende, lakini usiinunue.

Mniwie radhi, naishia hapa. Kesho ni Jumamosi. Mwalimu ameshachelewa mara mbili, na ya tatu simfungulii mlango.