Giaboksi ya Kupandia Mlima

Kila Ijumaa asubuhi Baba Punje alinyoa ndevu akajipaka mafuta. Mkewe alikuwa mwalimu katika shule ya juu ya mlima. Aliishi huko na binti yao mdogo, ambaye kwa udogo wake walimwita Punje. Baba Punje alikuwa dereva wa pikapu. Alipandisha mabati na saruji, akashuka na viazi. Siku ya kupanda ndiyo ilikuwa siku ya kumwona mke na mtoto.

Lakini sasa ilikuwa wiki ya saba hajapanda. Pikapu ilikaa juu ya magogo uani, giaboksi imefunguliwa chini yake.

Simu ililia.

"Baba Punje, bado tu?"

"Bado, mke wangu. Meno ya gia yamekatika tena."

"Huko yanakatika, huku yanaota. Mwanao anayo manne!" Mkewe alicheka. "Jana alisimama bila kushika kitu. Karibu atatembea."

"Mwambie anisubiri."

"Mtoto hasubirishwi, mume wangu."

Baba Punje alikata simu, akautazama mlima. Ulionekana karibu, kana kwamba angenyoosha mkono aushike.

Mwaka ule alikuwa amebadilisha injini. Alitaka kufika haraka, akafunga injini kubwa yenye nguvu nyingi. Giaboksi aliacha ileile ya zamani. Ikavunjika kwenye kona kali ya mlimani. Akanunua nyingine kama ile. Nayo ikavunjika kwenye kona hiyohiyo.

Akaenda tena kwa muuza vyuma chakavu.

"Leo nina otomatiki," muuza vyuma alisema. "Ya gari dogo la mjini. Laini kama siagi! Unakanyaga mafuta tu, mengine inajua yenyewe."

Baba Punje aliinama. Akaigonga giaboksi kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Madereva wote wa pale walichagua hivyo. Waliamini kwamba giaboksi nzima hulia kama kengele. Hii ililia vizuri.

"Unachagua nazi, mwanangu?"

Aligeuka. Aliyesema alikuwa fundi wa giaboksi, mama mmoja wa makamo aliyeitwa Mama Grisi. Alikuja kutafuta beringi.

"Shikamoo, Mama. Nasikiliza kama ni nzima."

"Marahaba. Debe tupu nalo hulia, tena kwa sauti. Injini yako ni ipi?"

Baba Punje alimweleza, pamoja na giaboksi mbili zilizovunjika kwenye kona. Mama Grisi akatikisa kichwa.

"Injini ndiyo inayozungusha. Giaboksi inapokea nguvu hiyo na kuipeleka kwenye magurudumu. Ukimtwika mtoto gunia la mtu mzima, ataumia nani?"

"Mtoto."

"Basi umewaumiza watoto wawili. Wa tatu ni huyu."

"Kwani otomatiki hazifai mlimani?"

"Zipo zinazofaa. Zile imara, zenye kipoozeo kikubwa cha mafuta yake, maana ukipanda polepole na mzigo mafuta hayo hupata moto sana. Hii imetengenezwa kwa gari jepesi na lami. Haina hata mahali pa kufungia boksi ya kupeleka nguvu magurudumu yote manne, kama iliyo kwenye pikapu yako. Halafu ikigoma kule juu, nani ataifungua?"

"Labda mwalimu," alisema Baba Punje. Wote walicheka, lakini kicheko cha Baba Punje kilikatika mapema.

"Mama, nitafutie tu inayokwenda mbio."

"Kwenda mbio si kufika. Wewe unahitaji gia ya kwanza nzito, ya kutambaa na mzigo bila kuchoma klachi. Usiguse chuma kabla hujajua nguvu ya injini yako, uzito unaobeba na njia unayopita. Kisha tafuta giaboksi ambayo watengenezaji wameandika kwamba inahimili zaidi ya hapo. Halafu tupime kama mashimo ya boliti yanalingana."

Walitafuta mpaka saa nane. Mwishowe wakapata ya kubadilisha gia kwa mkono, iliyotoka kwenye lori dogo. Mama Grisi alisoma namba zake, akapima, akaridhika.

"Ila klachi yake lazima iagizwe. Wiki mbili."

"Wiki mbili!" alisema Baba Punje. "Mama, mwanangu anaanza kutembea."

"Otomatiki unafunga leo jioni," muuza vyuma alinong'ona.

Baba Punje alizitazama giaboksi zote mbili. Mama Grisi hakumsukuma.

"Gari ni lako, na mtoto ni wako," alisema tu. "Kona ile unaijua."

Baba Punje aliugeukia mlima. Kisha akasema, "Agiza klachi."

Siku ya tisa simu ililia.

"Ametembea, Baba Punje. Hatua tatu."

"Kuelekea wapi?"

"Mlangoni."

Klachi ilipofika, Mama Grisi alifunga kila kitu, akamwonyesha jinsi ya kupanda. Baba Punje alipakia saruji. Kwenye kona kali aliingiza gia ya kwanza. Pikapu ilitambaa kama kobe. Hakuna kilicholia wala kunuka moto. Kona ikapita.

Tangu siku hiyo giaboksi haijavunjika. Siku hizi madereva wenzake humwita kabla ya kununua, naye huwauliza kwanza, "Unabeba nini? Unapita wapi?"

Lakini siku ile ya kwanza hakuwaza hayo. Alisimamisha gari mbele ya shule, akashuka. Punje alimwona mtu mwenye vumbi, akajificha nyuma ya gauni la mama yake.

"Amenisahau," Baba Punje alisema.

"Chuchumaa," mkewe alimwambia. "Usimwite."

Akachuchumaa, akafungua mikono. Punje alichungulia. Akaachia gauni, akapiga hatua moja, akaanguka kitako. Baba yake alitaka kumrukia, akajizuia. Mtoto aliinuka mwenyewe. Akaja polepole, akiyumba, mpaka akakishika kidole cha baba yake, akakikaza.