Jicho la Chini

Msusimashine namba tisa ilipiga magoti yake ya chuma juu ya majivu ya volkano, ikayakamata matawi ya mzabibu na kuyazungusha karibu na ardhi mpaka yakawa kapu. Sekunde arobaini, basi. Kule Santorini, kisiwa cha Ugiriki, mizabibu haisimamishwi, maana upepo ungeinyonyoa yote. Ndiyo maana kila majira ya baridi husukwa kapu, na zabibu zikatulia ndani kama mayai kiotani.

Nyemo Chidawali, mhandisi kutoka Dodoma, aliitazama bila hamu. Mashine hizi alizibuni mwenyewe, na mwanzoni alijisifu mpaka wenzake wakamchoka. Sasa yeye ndiye aliyechoka, hoi kabisa, na usingizi haukumsaidia kitu.

Kapu likifika miaka sabini hivi hukatwa, na shina lile lile likachipua upya. Mwaka uliopita mashine zilikata makapu elfu nne katika shamba la juu, shamba la mwisho la aidani kisiwani. Aidani ni zabibu nyeupe yenye harufu ya maua. Huanikwa juani pamoja na asirtiko, zabibu nyingine iliyo kali, zikatoa vinsanto, mvinyo mtamu wa kule. Mwaka mzima umepita na hakuna shina hata moja lililochipua. Nyemo alipima udongo, maji na vyuma vya kukatia, asione kasoro.

Hatimaye alimwendea Anezina, msukaji wa mwisho, ambaye mikono yake ndiyo iliyofundisha mashine. Miaka mitatu nyuma alivishwa glavunakili, glavu zinazohifadhi kila mwendo wa kidole. Nyemo alimkuta kizingitini akichambua njegere kavu.

"Mhandisi umekonda," alisema Anezina. "Mashine zinakula chakula chako?"

"Mama Anezina, shamba la juu limekufa."

"Najua. Nimeshalilia, nimemaliza." Alitupa kokoto iliyokuwa kwenye njegere. "Umeona jicho la chini?"

"Jicho gani?"

"Unaona! Ukisuka, unaacha jicho moja chini kabisa shinani. Hulikati. Halizai, linakaa tu miaka yote likingoja kapu likatwe. Chipukizi linatoka hapo."

Nyemo alikumbuka picha za siku za kunakili: kisu cha Anezina kikipita chini kabisa shinani, safi, bila kusita. Aliusifu mwendo ule katika ripoti yake, kwa kuwa uliokoa sekunde mbili kwa kila mzabibu. Kisha mashine zikaurudia miaka mitatu, kisiwa kizima.

"Lakini wewe hukuliacha! Kwa nini?"

Anezina aliendelea kuchambua njegere.

"Jicho lile huachiwa atakayekuja. Baba alinifundisha hivyo: unamwachia mtoto wako. Wangu alikuwa amehamia Mwezini, kwenye migodi. Majira yale aliniambia harudi tena. Nikajiuliza, namwachia nani? Nikakata. Nilikata kwa hasira, binti, sikufichi. Kisha mkaja na glavu zenu."

"Ungetuambia!"

"Siku kumi na nane nilizivaa. Kila asubuhi nilisema leo wataniuliza, niwaambie, nianze kuliacha. Baadaye nilichoka kungoja."

Nyemo aliketi kizingitini. Alitaka kukasirika akakosa nguvu. Uchungu wote ulikuwa kwake mwenyewe.

"Hakuna njia?"

"Ya aidani? Kwangu hakuna. Nenda ukwangue shina lolote, ndani kumekauka." Anezina alimsogezea sinia, na Nyemo akaanza kuchambua pamoja naye. "Mama yako yuko hai?"

"Yuko. Analima zabibu huko kwetu Dodoma."

"Na umri huo! Nani anamsaidia?"

"Msusimashine. Kule haisuki, inapogoa tu. Nilimpelekea mwaka jana."

"Imejifunza kwa nani?"

"Kwake mwenyewe." Sauti ya Nyemo ilipungua. "Nilimvisha glavu wiki nzima."

"Wiki nzima mko wawili shambani," alisema Anezina polepole. "Alikwambia nini?"

Vidole vya Nyemo vilisimama juu ya njegere. Mama yake alikuwa amefungua kinywa mara nyingi wiki ile, akionyesha huku na kule kati ya mistari ya mizabibu.

"Nilimwambia asiongee," alisema. "Akiongea mikono ilikuwa inatikisika na kuharibu nakala."