Mtani Kwenye Kihamishi

Vifumangozi, roboti wadogo kuliko punje ya ulezi, vilitambaa juu ya kifua cha Mzee Mihayo vikifuma ngozi mpya. Pale alipounguzwa na mtambo wa jua palianza kufunikwa mbele ya macho ya watu, hata vinyweleo vikachomoza. Binti yake, Kalunde, alitazama akasema, "Mungu mkubwa."

Lakini ngozi ile ilishika tu kwenye mwili usiotiwa ganzi. Kwa hiyo hospitali ile ya Tabora ilikuwa na kihamishi, kiti kilichovuta maumivu ya mgonjwa na kuyaingiza kwa mtu mwingine aliyekubali. Maumivu hayakufutwa. Lazima mtu ayasikie.

Kalunde alikaa wa kwanza. Baba yake alipumua, kisha akapiga yowe na vifumangozi vikasimama.

"Umeingiwa na hofu, maumivu yamemrudia," alisema Mhandisi Rweyongeza, aliyekibuni kiti kile. Kaka yake Kalunde akajaribu, ikawa yale yale. Mhandisi akainamisha kichwa. Kidonda kikikaa wazi mpaka kesho, mzee hatapona.

Hapo akaingia jirani yao Bi Sikudhani, Mzaramo, na chupa yake ya uji.

"Mihayo! Kuku wa kuchoma wamepanda bei, ukaona ujichome mwenyewe?"

"Mama, huyu ni mahututi!" Rweyongeza alikasirika.

"Mwache, mhandisi. Ni mtani wake," alisema Kalunde, kwa maana alikuwa amemwona baba yake akicheka kwa midomo iliyopasuka. Akamweleza Bi Sikudhani kazi ya kiti, bila kumficha kitu.

Bi Sikudhani akafunga kanga vizuri, akaketi.

"Babu zako Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, wewe ngozi tu inakushinda?"

"Nyie mnajua nini zaidi ya ngoma?" Mihayo akajibu, sauti imemtulia.

Wakataniana hivyo, na vifumangozi vikafuma bila kusimama hata mara moja. Rweyongeza alisahau kukaa. Alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kutafuta moyo usio na hofu wa kutuliza mkondo wa maumivu, na sasa ulikuwa mbele yake ukimtukana mgonjwa.

Kazi ilipokwisha, Kalunde alikwenda kumwinua Bi Sikudhani, akakuta vidole vyake vimeng'ang'ania kiti. Ikabidi avibandue kimoja kimoja. Kanga ilikuwa imelowa chapachapa.

Nje ya mlango, yule mama akaegemea ukuta, akalia.

"Nimeungua, mwanangu," alisema. "Nimeungua mwili mzima."

Kalunde akapiga magoti mbele yake, akalia naye.

"Inuka. Baba yako asijue."

Ndani, Mihayo akaita kwa sauti yenye nguvu, "Sikudhani! Umeshakimbilia ngomani?"

Bi Sikudhani akafuta uso kwa ncha ya kanga, akavuta pumzi.

"Nakuja!" akajibu huku akicheka. "Leo Mzaramo kambebea Mnyamwezi mzigo, utanikoma!"

Akaingia.