Zamu Dukani kwa Basilisa

Harufu ya mkate ndiyo iliyowaponza. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, mji wetu wa Valdehoz wote umelala na madirisha yamefungwa. Mkate wetu huletwa asubuhi na gari kutoka bondeni, na hakuna aliyeoka hapa mjini tangu Basilisa mwoka mikate afariki. Itziar hakuyajua hayo. Alikuwa mgeni kutoka pwani ya kaskazini, na njaa ilikuwa inamuuma.

Yeye na rafiki yake Nerea walikuja kujitolea kwenye kituo cha punda wazee, huko mlimani juu ya mji. Kazi ya huko simtakii hata adui yangu: kubeba majani makavu, kuzoa mavi, na kujenga upya kuta za mawe ambazo punda wanazibomoa kwa makusudi. Siku hiyo ilikuwa mapumziko yao ya kwanza. Walizunguka vichochoroni, wakakuta kanisa limefungwa, mkahawa nao umefungwa. Mwishowe Nerea aliketi ukingoni mwa chemchemi akavua viatu.

"Nenda wewe ukanunue mkate," alisema. "Mimi miguu imegoma. Na unawe kwanza, unanuka punda mpaka nzi wanakuamkia."

Itziar alicheka kivivu, akaifuata ile harufu.

Kwetu, ukiingia dukani na kukuta watu wamekaa, unauliza nani wa mwisho. Aliye wa mwisho anaitika, nawe unajua kwamba baada yake ni wewe. Mtoto anafundishwa hivyo mapema, sawa na salamu. Itziar alipenya pazia la shanga, akakuta giza na ubaridi, na viti vya ukindu vimepangwa ukutani hadi kwenye mlango wa chuma wa tanuri. Havikuwa na mtu. Lakini alisikia watu wanahema, akadhani hawaoni kwa kuwa macho yake yametoka juani.

"Nani wa mwisho?" aliuliza.

"Mimi, binti yangu," ilijibu sauti ya bibi kutoka kiti cha karibu. "Mungu akulipe."

Kiti kililia kama mtu anainuka. Shanga za pazia zikapeperuka zenyewe kuelekea nje, na nyayo zikasikika barabarani zikikimbia, nyayo za mtu aliyesahau namna ya kukimbia. Itziar akaketi. Hakuwa ameamua kuketi, magoti yalikunjika tu, naye kwa uchovu aliokuwa nao alishukuru kupata kiti.

Kisha akatazama mapajani kwake, asione mapaja. Aliona ukindu wa kiti. Harufu ya mkate ikageuka, ikawa ya unga uliooza, halafu ya nta, halafu ya nywele zilizoungua, na kutoka nyuma ya mlango wa chuma sauti ya mwanamke ikasema taratibu, kama muuzaji aliyechoshwa na wateja, "Anayefuata," na kiti cha mbele kabisa kikaburutwa, mlango ukafunguka na kupuliza joto, ukafungwa, na wale waliokuwa wanahema wakapungua mmoja, na viti vyote vilivyobaki vikasogea mbele kidogo, kimoja baada ya kingine, mpaka zamu ya kusogea ikafika kwenye kiti chake, kikasogea naye juu yake, huku akijaribu kupiga kelele na koo halitoi hata kikohozi.

Shanga zikalia tena. Nerea aliingia miguu mitupu.

"Itziar? Acha utani wako, nina njaa."

Alimtazama rafiki yake moja kwa moja na hakumwona. Halafu naye akasikia wale wanaohema gizani. Nerea alilelewa vizuri. Alishusha sauti, akauliza kwa adabu, "Samahani. Nani wa mwisho?"

Hapo Itziar akaelewa kwa nini bibi yule alimwombea kwa Mungu. Koo lake lilifunguka, na neno likawa tayari mdomoni. Angeweza kuziba mdomo kwa mikono miwili. Nerea ndiye aliyekuwa akimfunga vidonda vya viganja kila jioni, ndiye aliyemwachia blanketi zito. Yote hayo aliyakumbuka. Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa anaogopa, na mlango ule ulikuwa mbele yake.

"Mimi," alisema.

Alijikuta barabarani, juani. Nyuma yake mlango wa duka ulikuwa na kufuli lenye kutu. Kando ya chemchemi vilikuwepo viatu vya Nerea.

Polisi walivunja kufuli wakakuta vumbi na viti. Padri alinyunyiza maji ya baraka, akaweka kufuli jipya, na akatuomba tusiongee sana. Itziar hakurudi kwa punda wala kwao. Anaishi kwangu, chumba cha nyuma, wala hapati usingizi. Harufu ikija wakati mji umelala, anachukua viatu vya Nerea anateremka, na kufuli analikuta wazi. Anaingia, anauliza nani wa mwisho. Anataka Nerea aitike, atoke, yeye akae. Anamwambia, "Nijibu, tafadhali. Safari hii ni zamu yangu." Hajibiwi. Anasikia tu ile sauti ya ndani ikiita, na kiti kikiburutwa.

Nilimwambia pengine Nerea hamsikii.

"Ananisikia," alisema.

Jana alirudi akaketi jikoni kwangu viatu vikiwa mapajani. Alisema wengine wote wameshaingia tanurini. Amebaki mmoja anayehema, na pumzi zake zinapita kwa shida katikati ya vidole, kama za mtu aliyeziba mdomo kwa mikono miwili asije akajibu.

Sasa hivi ni alasiri, mji umelala. Harufu ya mkate imeanza, na nimesikia mlango wa chumba cha nyuma ukifunguliwa.